Tairi la Nyuma

Saa kumi na mbili na dakika kumi na saba asubuhi, Jumanne ya katikati ya Januari, mke wangu alitoa baiskeli yake kwenye chumba cha baiskeli cha jengo letu hapa Tumba, kusini mwa Stockholm, akashika njia ya kwenda kazini Tullinge. Najua dakika kwa sababu nilikuwa nimesimama kwenye dirisha la jikoni, ghorofa ya pili, na saa ya jiko la umeme ilikuwa karibu na mkono wangu. Taa yake nyekundu ya nyuma ilipita kando ya maegesho, ikazunguka jengo la kufulia, ikapotea.

Saa kumi na mbili na dakika thelathini na moja simu yangu ililia. Mwanamke nisiyemjua aliniambia kwa Kiswidi, kwa ule utulivu ambao watu wa hapa huutumia mambo yanapokuwa mabaya, kwamba mke wangu ameanguka kwenye njia ya baiskeli, pale inapoteremka kupita chini ya reli. Yuko macho, alisema, na ambulensi imeitwa.

Kabla sijaeleza nilivyofika huko, lazima nieleze habari ya matairi. Bila hiyo, ajali ile ingekuwa moja tu ya zile zinazotokea kila Januari, na mimi ningekuwa mume wa mtu aliyeteleza.

Mke wangu alianza kukimbia akiwa na miaka arobaini na mmoja, baada ya muuguzi wa zahanati kumwambia kwamba shinikizo lake la damu limepanda. Alianza Novemba. Binti yetu, aliyezaliwa hapa na kukulia hapa, alicheka akasema kwa Kiswidi kwamba hakuna mtu mwenye akili anayeanza kukimbia Novemba. Mama yake alivaa suruali mbili za kubana, akafunga kipande cha kitenge masikioni, akavaa kofia ya sufu juu yake, akatoka. Mimi nilimfuata kwa baiskeli, kwa sababu giza liliingia mapema na sikutaka awe peke yake njiani.

Ndivyo tulivyoendelea kwa majira matatu ya baridi. Kila Jumamosi asubuhi yeye alikimbia kuzunguka ziwa la Uttran na mimi nilikwenda kando yake kwa baiskeli, nikiwa na chupa ya chai kwenye keria na daftari mfukoni. Niliandika tarehe, joto, hali ya njia, umbali na muda. Sikupata shule zaidi ya darasa la saba. Vitu nilivyojifunza baadaye nilivijua kwa kuazima vitabu maktaba na kuviandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo kuandika kumekuwa kwangu njia ya kuamini. Nisipoliandika jambo sina hakika nalo.

Jirani yetu Mkongo, anayekaa ghorofa ya chini, alikuwa akitungoja kwenye roshani yake na sigara.

"Voisin!" yaani jirani, aliita siku moja tukirudi, mke wangu mbele anakimbia, mimi nyuma na saa mkononi. "Bibi yako unamufata na saa namna ile, ni bibi ao ni ng'ombe?"

Mke wangu hakusimama. "Mwambie ng'ombe huyu amemshinda mwenye baiskeli!" akajibu, akapanda ngazi mbili mbili.

Kazi yake ilikuwa, na bado ni, katika nyumba ya wazee. Wiki nzima huwainua watu kitandani, huwakalisha, huwalaza. Kengele ikilia huenda. Niliwahi kumuuliza anafikiria nini akikimbia, maana mimi ningependa kujua, hata kuandika. Alisema, "Sifikirii kitu. Nikiwa nakimbia hakuna anayeniita." Nililiona jibu dogo wakati ule. Sikuliandika.

Katika mwaka wa tatu, yeye na wanawake watatu wa kwaya ya kanisani walijiandikisha kwa mbio za nusu marathoni za mwezi Mei. Yeye ndiye aliyekuwa na kasi kuliko wote. Nilimtengenezea ratiba ya majuma ishirini na sita, na ndani yake niliweka kwenda kazini kwa baiskeli siku nne kwa wiki, kwa ajili ya mapafu na mapaja. Wazo hilo lilikuwa langu. Yeye alikuwa ameridhika na treni, ambayo kutoka Tumba hadi Tullinge ni kituo kimoja tu.

Kwa baiskeli ya majira ya baridi unahitaji matairi ya misumari, dubbdäck kama yanavyoitwa hapa, tairi la kawaida lenye vipande vidogo vya chuma vilivyochomoza ili ving'ate barafu. Tulikuwa na baiskeli mbili, yake na yangu, na hatukuwa na hata tairi moja la namna hiyo. Mwisho wa Novemba nilikwenda duka la baiskeli. Muuzaji alikuwa mama mwenye mvi na mikono myeusi kwa grisi. Nilimwambia nataka jozi moja, tairi moja kwa kila baiskeli.

"Jozi mbili ni bora," alisema.

"Moja inatosha," nilisema nikitazama bei.

Alinitazama, akaona kwamba nimekwisha amua. "Kama ni moja kwa kila baiskeli, basi liweke mbele. La nyuma likiteleza utajishika. La mbele likiteleza umekwisha lala chini."

Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyekubali, nikalipa, nikaondoka. Sikuwa nimekubali. Nilikuwa nimemhurumia kidogo.

Mtu aliyelelewa mahali nilipolelewa ataelewa. Tulikuwa wakimbizi kutoka Burundi, tukikaa kambini mkoa wa Kigoma, na baba yangu alikuwa na baiskeli moja iliyotulisha watu saba. Alibeba magunia ya muhogo, mikungu ya ndizi, mara nyingine mgonjwa. Mzigo wote ulikaa kwenye keria, juu ya gurudumu la nyuma. Tairi jipya likinunuliwa, liliwekwa nyuma. Lile la nyuma lililoanza kuisha lilihamishiwa mbele. Lile la mbele lilikatwa kuwa kamba na soli za ndala. Hapakuwa na mjadala. Fundi aliyeweka tairi zuri mbele angeonekana amerukwa na akili. Nilijifunza kufungua tairi nikiwa na miaka minane, na kanuni hiyo niliijua kabla ya kujua jedwali la mara saba.

Lakini mimi si mtu wa kufuata desturi tu. Nilitaka kuthibitisha. Nilileta mizani ya bafuni kwenye ukumbi, nikapandisha gurudumu la nyuma la baiskeli ya mke wangu juu yake, nikaweka kitabu kinene chini ya la mbele ili baiskeli isimame sawa, nikamwambia apande ashike ukuta.

"Sasa unanipima kama gunia," alisema.

"Kaa kama unavyokaa njiani. Usiinamie mbele."

"Mzee, nina zamu saa saba."

Nyuma: kilo hamsini na mbili. Mbele, nilipohamisha mizani: kilo thelathini na moja. Niliandika. Uzito mkubwa uko nyuma, na mnyororo unavuta gurudumu la nyuma. Kwa hiyo penye uzito na penye nguvu ndipo panapotakiwa kung'ata. Nilimwonyesha daftari. Alitazama, akavaa koti.

"Na la mbele?" aliuliza.

"La mbele linafuata tu."

Nimelirudia jibu hilo moyoni mara nyingi kuliko jibu lolote nililowahi kumpa mtu. Vipimo vyangu vilikuwa sahihi. Mizani haikudanganya. Swali ndilo lililokuwa baya: nilipima gurudumu lipi linabeba, wakati nilipaswa kuuliza lipi linaongoza. Katika matope ya Kigoma, baiskeli yenye gunia hukwama. Hakuna kingine cha kuogopa. Katika barafu haikwami. Inakwenda vizuri sana, mpaka mahali unapotaka kukata kona.

Niliyafunga matairi yote mawili nyuma, lake na langu, Jumapili mchana. Kwa wiki sita kila kitu kilinithibitishia kwamba niko sahihi. Tulipanda mlima wa kutoka ziwani bila gurudumu kuzunguka bure, tukiwapita Waswidi waliokuwa wakisukuma. Mke wangu alirudi kutoka kazini mashavu yakiwa mekundu, akasema misumari inaimba juu ya lami. Jumamosi ya kwanza ya mwaka alikimbia mzunguko wake kwa kasi kuliko siku zote, nyuzi tisa chini ya sifuri, theluji kavu iliyokuwa ikilia chini ya viatu. Nilichora mstari chini ya muda wake kwa rula.

Usiku wa kuamkia Jumanne ile mvua ilinyesha juu ya ardhi iliyoganda. Mimi ni mtunza majengo. Kazi yangu majira hayo ni kumwaga kokoto kwenye njia za kampuni ya nyumba. Nilijua mvua ile ina maana gani. Nilimwambia mlangoni, "Leo kuna utelezi mbaya. Panda treni."

Alikuwa anafunga helmeti. "Si nina misumari?" alisema.

Nilimfungulia mlango. Kwa hesabu yangu, alikuwa nayo.

Simu ilipokatika nilishuka mbio, nikatoa baiskeli yangu, nikapanda. Hapo hapo uani, nikigeuza usukani kuelekea njiani, gurudumu la mbele lilikwenda upande kama sahani iliyopakwa mafuta, nami nikaanguka juu ya kiwiko. Nyuma misumari ilikuwa imeshika vizuri kabisa. Nililala pale labda kwa sekunde tatu, na katika sekunde hizo nilielewa kila kitu, maneno ya mama yule wa dukani na mizani na kitabu kinene. Nimesoma vitabu vingi na sijawahi kuelewa jambo kwa haraka namna ile.

Niliiacha baiskeli pale ilipolala, nikakimbia. Sikuwa mkimbiaji. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimekaa juu ya tandiko nikimwambia mwanamke anayekimbia kwamba amepunguza mwendo. Ni kilomita mbili na kidogo. Nilikimbia pembeni ya njia, kwenye theluji ngumu, kwa sababu katikati palikuwa kioo kitupu. Hewa ilinikata kooni. Mara mbili nililazimika kusimama, mikono magotini, na hapo nilifahamu kwamba safu zangu zote za namba hazikuwa zimeandika jambo hili hata kidogo, yaani kazi yenyewe.

Alikuwa amelala ubavu, chini kidogo ya kona. Mwanamke aliyenipigia alikuwa amemfunika koti lake mwenyewe, akasimama na sweta, mbwa wake amefungwa kwenye nguzo. Mguu wa kushoto wa mke wangu ulikuwa umekaa vibaya chini ya goti. Nilipiga magoti.

"Baba watoto," alisema, meno yakigongana. "Umekuja kwa miguu?"

"Nimekimbia."

"Wewe?" Akajaribu kucheka. Kisha akanishika mkono wa koti. "Sikwenda kasi. Nakuambia kweli, sikwenda kasi. Lile la mbele liliondoka lenyewe."

"Najua."

"Piga simu kazini. Yule bibi wa chumba cha mwisho hakubali kuamshwa na mtu mwingine. Waambie wamwache alale."

Nilipiga simu kazini kwake. Nilieleza habari ya yule bibi. Ambulensi ilikuja, na mmoja wa wahudumu, akimsogeza mke wangu kwenye machela, naye aliteleza akashika mlango. Mwanamke mwenye mbwa alichukua koti lake, akakataa shukrani kwa mkono, akaondoka polepole akitembea kwenye nyasi.

Mfupa ulikuwa umevunjika pale unapobeba goti. Waliuunga kwa bamba la chuma na skrubu saba. Daktari alikuwa mpole. Alisema atatembea vizuri. Mke wangu alimuuliza kuhusu Mei. Daktari alisema tusifikirie Mei. Akamuuliza kuhusu kukimbia kwa jumla, mwaka mwingine wowote, na daktari akasema, "Tutaona." Kwa miaka niliyokaa nchi hii nimejifunza kwamba mtu wa hapa hapendi kukuambia hapana usoni. Mke wangu amekaa hapa miaka ile ile. Aligeuza uso akatazama dirishani.

Mchana wa siku ile ile, kabla ya kumpelekea nguo hospitalini, nilihamisha tairi la baiskeli yangu kutoka nyuma kwenda mbele. Ilinichukua dakika ishirini na mbili, pamoja na kujaza upepo.

Lake sikuligusa, na ndivyo binti yetu alivyolikuta. Alikuja mwisho wa wiki kutoka chuoni, akaenda chumba cha baiskeli kuona ile ya mama yake imeumia vipi. Alirudi jikoni na jaketi bado mwilini. Mama yake alikuwa amekaa, mguu juu ya kiti cha pili, magongo yameegemezwa kwenye friji.

"Varför bak?" aliniuliza. Kwa nini nyuma.

Nilianza kueleza habari ya uzito. Nilifika kwenye kilo hamsini na mbili.

"Men pappa." Lakini baba. Akaendelea kwa Kiswidi, haraka, kama wafanyavyo watoto wetu wanapotaka tusiwafikie. Alisema hata mtoto wa shule ya msingi anajua ni mbele. Alisema ningeweza kuuliza mtu yeyote dukani.

"Mwache baba yako," mke wangu alisema kwa Kiswahili. "Angejuaje? Kwao tairi zuri ni nyuma. Kwetu pia."

"Mama, detta är inte Kigoma." Hapa si Kigoma.

"Nimesema mwache."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Ningeweza kusema: niliambiwa. Mama mwenye mikono ya grisi aliniambia waziwazi, na sababu akanipa, na mimi nikaitikia kwa kichwa. Maneno yalikuwa yapo, mafupi, ya lugha yoyote kati ya zile tunazozungumza nyumbani. Niliinuka nikawasha birika. Mke wangu alikuwa amenitetea kwa kutojua, na mimi niliuchukua utetezi huo nikauweka mfukoni. Niliishi nao miaka minne.

Wanawake watatu wa kwaya walikimbia Mei bila yeye. Alikwenda kuwashangilia na fimbo, akawabebea ndizi na maji. Mwaka uliofuata alijaribu kukimbia, majira ya joto, kwenye njia laini ya msituni. Nilikwenda naye kwa miguu. Alikwenda kama mita mia mbili, akasimama, akaweka kiganja juu ya goti kama mtu anayemnyamazisha mtoto. Alijaribu wiki iliyofuata, na iliyofuata. Kisha siku moja nilikuta viatu vyake vya kukimbia kwenye mfuko wa nguo za kupeleka kanisani, vimefungwa kamba pamoja. Vilikwenda.

Mimi ndiye ninayekimbia sasa. Sijui kama nilianza kwa toba au kwa sababu Jumamosi asubuhi zilikuwa zimebaki tupu na hakuna mmoja wetu aliyejua la kufanya nazo. Nina viatu vyenye misumari midogo. Si mwepesi. Yeye hunisindikiza hadi kwenye benchi la kwanza ziwani, hukaa juu ya ngozi ya kondoo, humimina chai, na nikipita huniambia neno moja au mawili, mara nyingi la kejeli. "Konokono amepita, alikusalimia." Daftari niliacha. Yeye hakuniuliza kwa nini.

Jumamosi moja ya Februari, majira ya baridi yaliyopita, nilikuwa nimekaa kwenye sakafu ya ukumbini nikifunga kamba. Yeye alikuwa amesimama akitafuta glavu. Nje palikuwa na nyuzi saba chini ya sifuri na anga safi. Aliweka mkono kwenye goti lake kabla ya kuinama, kama afanyavyo kila asubuhi bila kujua kwamba anafanya, na mimi nikasikia sauti yangu ikisema kabla sijaamua.

"Yule mama wa dukani aliniambia niweke mbele."

Aliinuka polepole. "Mama yupi?"

"Aliyeniuzia matairi. Aliniambia nikichukua jozi moja niyaweke mbele, na akanieleza kwa nini. Nilimsikia vizuri. Nilidhani hajui mizigo."

Glavu moja ilikuwa mkononi mwake, nyingine hajaipata.

"Alikuambia kabla hujanipima pale kwenye mizani?"

"Kabla."

"Na siku ile mtoto anakufokea jikoni, mimi nakutetea, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Alikaa kwenye kibao cha viatu, mguu wa kushoto ameunyoosha mbele kwa kuwa haukunjiki kikamilifu. Jirani wa juu alishuka ngazi nje ya mlango wetu, nyayo zikahesabika mpaka chini, mlango mkubwa ukafungwa. Nilitarajia alie, au anitukane. Ningeyapokea yote mawili kwa shukrani. Alikuwa akinitazama kwa namna anavyowatazama wale wazee wake, kwa subira ya mtu mwenye kazi ndefu mbele yake.

"Angalau ungenunua jozi mbili," alisema, "ungeweza kukosea upendavyo."

"Ndiyo."

"Alikwambia hilo pia?"

"Alianza na hilo."

Alivaa ile glavu moja. Akaivua tena, akailaza pajani na kuinyoosha vidole, kimoja kimoja.

"Ile jozi ya pili," aliuliza, "ilikuwa bei gani?"

Sikuhitaji daftari. Nilimwambia: krona mia saba tisini na nane.